Kwa mnaoanza kupeleka trela Malaba: mafuta ya Nakuru mpaka Timboroa

Vijana wengi mkitoka Mombasa mnajipimia mafuta na ile barabara ya Mtito mpaka Emali, halafu mkipita Nakuru kuanza kupanda mnaona geji inashuka mbio, bosi anapiga simu anauliza dizeli imeenda wapi na wewe hujauza hata lita moja. Inauma sana kuitwa mwizi kwa kitu ambacho ni mlima, so jueni hesabu yake.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa inapita 2,700. Kuinua gari la tani 50 mita 100 tu kwenda juu inakula kama lita 3 na nusu, na hapo ni kuinua peke yake, matairi na upepo bado. Piga mara mita 900 hivi, lita 30 na kitu zimeenda na hakuna dereva anaweza kuzikwepa.

Sasa kuna wenye watawaambia ni hewa nyepesi ndio inakunywa mafuta. Inachangia, lakini mzigo mkubwa ni kupanda. Juu kule presha ya hewa imebaki kama asilimia 72 ya ile ya Mombasa, kwa hivyo injini ya zamani isiyo na tabo (ile feni ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, na kama pampu ni ile ya kizamani inaendelea kumwaga dizeli ileile na hewa ya kuichoma haitoshi, ndio ule moshi mweusi mnaona Mau Summit. Gari za siku hizi tabo inazunguka kasi zaidi kufidia, lakini ina mwisho wake, na paipu ya intakula (ile ya kupoza hewa inayotoka kwa tabo) ikiwa imepasuka kidogo ukiwa Voi hutajua, huku juu gari inaisha nguvu kabisa. Angalieni hizo paipu na filta ya hewa mkiwa Nakuru, si baada. Halafu shuka gia mapema kabla injini haijaanza kuzama, tabo bila mzunguko haisukumi hewa, na kukanyaga mpaka chini hapo ni kuongeza moshi tu.

Kurudi ndio nawaomba mnisikilize sana. Msiweke fri, yaani kuteremka gari ikiwa haiko kwenye gia yoyote. Injini ya kisasa ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, nozeli zinafunga, haichomi kitu, lakini ukiweka fri lazima ichome ndio isizime. Kwa hivyo hiyo fri haikuokolei chochote, na mteremko wa Sachangwan, Migaa mpaka Salgaa umemaliza watu wengi mno, malori ya fri yametajwa hapo miaka na miaka. Tumia gia na breki ya injini, hata wakikuovateki wote.

Baridi ya Timboroa pia, ukilala na injini inanguruma ni kama lita 3 kila saa, beba blanketi.

Na pima mafuta kwa kujaza tangi Nakuru kwenda, ujaze tena palepale ukirudi, uandike na uzito wa mzigo, maana kontena tupu la kurudi haliwezi kulinganishwa na tani 50 za kwenda. Bosi akiona karatasi kama hizo mwezi mzima anaweza kukupangia mafuta kwa kila kipande cha barabara, badala ya wastani mmoja Mombasa mpaka Malaba.