Mlokole wa lumbesa

SWALI: Bwana asifiwe mama, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27, ni karani kwa mnunuzi wa viazi huku Njombe. Napokea mzigo wa wakulima, nahesabu gunia, naandika kwenye daftari, nawalipa. Shida ni lumbesa. Bosi anataka gunia lijae halafu liongezewe juu lishonwe na kamba, siku moja tukapima moja likafika kilo 134, ila mkulima analipwa gunia moja tu na mimi kwenye daftari naandika kilo 100. Kila gunia lililoshiba napewa 500 yangu. Nimeokoka mama, kila asubuhi naomba na vibarua kabla ya kazi, sasa juzi nikasikia wananiita mlokole wa lumbesa. Nimelia sana. Na bosi mwenyewe ni mzee wa kanisa! Niache kazi? Nina mtoto na mama yangu ananitegemea.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, ila hao vibarua usiwakasirikie, wamekusoma vizuri kuliko ulivyojisoma wewe, wao ndo wanaoshona hizo kamba na wao ndo wanaoitikia amina yako.

Usiache kazi kwanza. Kwenye Luka 3 watoza ushuru walimfuata Yohana Mbatizaji wakamuuliza, na sisi tufanyeje? Ile kazi ilikuwa inanuka kila mtu anajua, lakini hakuwaambia waiache, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa, basi. Kwa hiyo swali lako sio nibaki au niondoke, swali ni kipi hapo kiko mkononi mwako. Gunia liko kwa bosi, bei iko kwa bosi, sawa. Ila kalamu nani kaishika? Ile kilo 100 unayoandika wakati umeona mizani inasoma 134 ni uongo wako mwenyewe sio wa bosi, na ile 500 ni kilo 34 za mama fulani aliyeamka alfajiri kuchimba viazi kwenye baridi ya huko kwenu (na mnaijua baridi yenu). Kwa hiyo anza na hivyo viwili, 500 usiipokee tena, na kwenye daftari andika kilichopo. Hujapima, acha nafasi wazi usibuni.

Halafu nenda kwa bosi, mkiwa wawili tu, sio mbele ya vibarua na jamani sio kumsemea kanisani kwenye maombi ya "tuwaombee wazee wetu", hiyo ni kusengenya kwa kufumba macho. Muongeleshe kibiashara. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, watu wa Wakala wa Vipimo wakikuta hiyo lumbesa na daftari lenye mwandiko wako nani atajieleza? Mwambie bosi mnunue kwa kilo, mizani si mnayo tayari. Wakulima wakijua kwako wanapimiwa watakuja wengi, nimeona hili kwenye mahindi. Akitaka Maandiko mpe Amosi 8, wale wafanyabiashara waliokuwa wanasubiri sabato iishe haraka wakauze kwa vipimo vya kuiba, yani mwili uko ibadani akili iko kwenye gunia.

Maombi ya asubuhi? Mimi ningeyasimamisha kidogo. Najua kuna watakaonisema kwa hili. Ila mkulima kafika saa 12 na mkokoteni, anasubiri mmalize kuimba ndo aibiwe, hapo unamfundisha nini kuhusu Yesu? Omba nyumbani kabla hujatoka, ukifika mpimie. Mizani ikikaa sawa wiki mbili tatu uwaite tena uone kama hawatakuja.

Bosi akikataa, akikwambia kanisa ni kanisa biashara ni biashara, hapo ndo anza kuulizia kazi kwingine, kimyakimya, huku bado unaandika kilo za kweli. Anaweza kukufukuza, sikufichi, hiyo ipo. Kwa hiyo kuanzia leo weka akiba hata kidogo kidogo, na mama yako mwambie mapema asije akashtuka.