Kyubu, kitambaa cha macho na matatu ya Jogoo Road

Stima ikipotea kwetu Buruburu, wengine wanatafuta mshumaa, mimi naendelea kuzungusha kyubu, ile Rubik's Cube ya rangi, maana huwa naitatua nikiwa nimefunga macho. Dada yangu amechoka na mzaha huo, lakini una ukweli ndani yake: kazi ngumu huwa imeshakwisha kabla macho hayajafungwa.

Idadi ndiyo huwatisha watu bure, basi tuanze nayo. Kyubu ya 3x3 ina vipande 8 vya pembe na 12 vya kingo. Vile vya katikati havihami. Hukariri rangi hata kidogo. Unaishika vilevile kila mara (mimi nyeupe juu, kijani mbele), unaipa kila stika herufi, kisha unauliza: kipande kilichokaa hapa, kwao ni wapi? Na kile kilichokalia kwao, kwao ni wapi? Ukifuata hivyo hadi mwisho unapata herufi 20 hivi. Nambari mbili za simu, basi.

Mbinu ya kuanzia ni Old Pochmann, iliyopewa jina la Mjerumani Stefan Pochmann. Unachagua nafasi moja kuwa bafa. Mimi naiita steji, kwa kuwa kila kipande kinaondokea hapo kwenda kwao, kimoja kimoja, kwa mfuatano wa mizungusho ambao huenda unaujua tayari. Wakali hutumia 3-style, inayopeleka vipande viwili kwa mpigo, lakini hiyo ina mifuatano 440 ya kingo na 378 ya pembe. Usiiguse sasa.

Wanaoanza wengi hukwama pale kipande cha steji kinapojitokeza kabla vingine havijakwisha. Usishtuke. Chagua kipande chochote ambacho hakijafika kwao, taja herufi yake, endelea kufuata mpaka urudi kwake, na uitaje herufi hiyo ya kurudi pia.

Sasa kukariri. Herufi unazishika mbili mbili, kila jozi unaifanya neno, na neno unalifanya picha. Mwanzoni nilipakua orodha ya maneno ya Kiingereza ya kila jozi ya herufi, nikahangaika nayo mwezi mzima. Nilikuwa nikitafsiri mara mbili, huku saa ikikimbia. Siku niliyoitupa na kuandika yangu ya Kiswahili, mambo yakalegea. Konsonanti mbili karibu daima zina neno kati yao: PK ni paka, SF ni sufuria, DG ni dagaa, TR ni treni. Mfumo wa herufi unaotumika sana, Speffz, unakwenda A hadi X. Kwa kuwa Q na X hatuna, niliweka Z na Y mahali pake.

Lakini Kiswahili kina mtego wake, na hili sijaliona kwenye maelezo ya Wazungu. Majina yetu hubadilika kichwa. Siku moja KT ilikuwa kiti. Kichwani nikaona viti vimepangwa kama vya harusi, na wakati wa kutatua nikasoma VT. Nilipofungua macho kyubu ilikuwa imevurugika kuliko nilivyoianza. Tangu hapo nina sheria mbili. Picha ni ya kitu kimoja tu, kamwe si vingi. Na kitenzi hakihesabu "ku", kwa hiyo kukata ni KT wala si KK. (Na kwa kuwa kiti na kata zinagombania KT, chagua moja leo na usibadilishe.) Maneno kama paka na simu, yasiyojali umoja wala wingi, ndiyo dhahabu.

Picha hizo zinahitaji mahali pa kukaa. Mimi nazipandisha matatu ya Jogoo Road ya kwenda tao. Kwenye makutano ya Rabai Road, paka ameketi ndani ya sufuria. Kwenye kituo cha Hamza, dagaa wamejaa kwenye treni (ndiyo, dagaa nawaona wengi, neno lenyewe halibadiliki). Halafu kanisa la St Stephen's, City Stadium, Muthurwa. Jozi mbili kila kituo, na vituo vitano vinatosha kyubu nzima. Picha ikiwa ya kawaida haikai. Paka aliyelala utamsahau. Paka anayegombana na makanga kuhusu chenji hutamsahau.

Baada ya miezi kadhaa niliziondoa kingo barabarani. Sasa nakariri pembe kwanza, kwa picha, na kingo mwisho, kwa sauti: natia irabu katikati ya konsonanti na kuziimba kama makanga anayeita abiria, "paka-sufu-dega-tiro". Sauti hufifia haraka, kwa hiyo nikishafunga macho natatua kingo kwanza. Pembe zinaweza kungoja, ziko salama Jogoo Road.

Kabla ya kitambaa, hesabu herufi. Za kingo zikiwa shufwa, za pembe lazima ziwe shufwa. Zikiwa witiri, witiri pia. Zikitofautiana ulipotea mahali, rudia kufuata. Zote zikiwa witiri, kuna mfuatano mmoja wa nyongeza wa kufanya kati ya kingo na pembe. Mimi nilikuwa nausahau, basi sasa nikiona witiri nakunja kidole gumba cha mguu na kukiacha hivyo mpaka niufanye. Chekeni.

Kuhusu kasi, usijisumbue mapema. Kwenye mashindano ya World Cube Association muda wa kukariri unahesabiwa pamoja na wa kutatua, ndiyo maana watu huharakisha kukariri kisha wanaharibu mwishoni. Mara yangu ya kwanza kufaulu nilitumia dakika 17, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukianza kufanya kyubu kadhaa kwa siku, tafuta njia zaidi ya moja ya kupangia picha zako. Graham Siggins wa Marekani mwaka 2022 alitatua kyubu 62 kati ya 65 akiwa amefunga macho, zote amezikariri kwa mkupuo mmoja, ndani ya saa moja. Mimi nina njia tatu tu: ya tao, ya sokoni, na ile ya kutoka barabarani hadi jikoni kwa nyanya, ushago. Nazizungusha, kwa sababu njia iliyotumika asubuhi bado ina abiria wake jioni. Juzi nilipita Rabai Road nikamkuta paka wa Jumatatu bado amekaa kwenye sufuria yake.