Maswali ya Wasomaji: Nani Alishinda American Idol Mwaka 2004?

SWALI: Mhariri, mwenzangu anashikilia kwamba Jennifer Hudson ndiye aliyeshinda msimu wa tatu wa American Idol, shindano la kuimba la televisheni ya Marekani. Mimi nakataa. Tuamulie.

JIBU: Umesema kweli. Fainali ya Mei 2004 iliwakutanisha Fantasia Barrino na Diana DeGarmo, na Fantasia ndiye aliyeibuka mshindi. Hudson alikwishatolewa mwezi Aprili, akishika nafasi ya saba. Juma hilo matokeo yaliwaacha wengi vinywa wazi, kwa kuwa waliopata kura chache zaidi walikuwa Hudson, La Toya London na Fantasia mwenyewe, waimbaji watatu ambao, kwa maoni yangu, walikuwa na sauti nzito kuliko wenzao wote. Katika hatua hiyo majaji, akiwemo Simon Cowell mwenye ulimi mkali, walitoa maoni tu. Uamuzi ulikuwa wa watazamaji, waliopiga simu kumpigia kura yule wanayetaka abaki, hata mara nyingi kwa usiku mmoja, na kwa hiyo mwimbaji aliyedhaniwa yuko salama aliweza kukosa kura kwa urahisi. Huenda mwenzako amechanganya na tuzo ya Oscar, ambayo Hudson aliipata mwaka 2007 kwa uigizaji.