Treni ikiwaka moto nyuma, dereva anajuaje?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi na mke wangu tunakaa Sombetini, Arusha, na tuna mtoto wa miezi minane. Tunataka kwenda Dar kwa treni, na mama mtoto anataka tubebe mtungi mdogo wa gesi apashie uji njiani. Baba mkwe kakataa katakata. Anasema Misri treni iliungua kwa jiko la namna hiyo, na dereva akaendelea na safari kama kawaida. Hilo linawezekanaje? Na abiria walishindwaje kuruka? Halafu treni ya umeme, hii SGR, si ndiyo salama zaidi?

Jibu: Marahaba. Msikilize mkweo, mtungi ubaki Sombetini.

Treni anayoisema ilikuwa inatoka Cairo kwenda Luxor, usiku wa kuamkia 20 Februari 2002, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa yamefurika watu wanaorudi kwao kwa sikukuu. Karibu na mji wa Al Ayyat moto ulizuka katika behewa la tano, na maelezo ya mwanzo yalitaja jiko la gesi la abiria. Treni ilikimbia kilomita kadhaa huku inawaka. Waliokufa walipita 360, na waziri wa uchukuzi akajiuzulu.

Sasa piga hesabu hii. Mabehewa yalikuwa 11, moto ulianzia la tano, na yaliyoteketea ni saba. Treni ikiwa kwenye mwendo, upepo unasukuma miali na moshi kuelekea mkiani. Dereva yuko mbele, usiku, injini inanguruma, na behewa la tano liko mita mia au zaidi nyuma yake. Moshi haumfikii, kelele hazisikii. Kama hakuna king'ora wala simu ya kumwunganisha na walioko nyuma, anachoweza kuhisi ni breki tu. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kabisa aendelee bila kujua, na kila dakika anayoendelea anaupuliza moto ule.

Hapo ndipo mpini wa breki ya dharura unapokuwa na maana. Kwenye mfumo wa breki za hewa, bomba moja linapita chini ya mabehewa yote, kutoka kichwani hadi mwisho. Likiwa na hewa ya kutosha, breki zimeachia. Hewa ikitoka, breki zinabana treni nzima. Mpini ulioko ndani ya behewa kazi yake ni kuitoa hewa hiyo. Hauhitaji umeme wala ruhusa ya dereva, ila unahitaji uwe mzima. Pakistan, 31 Oktoba 2019, treni ya Tezgam iliungua na kuua zaidi ya watu 70, na manusura walilalamika kwamba walivuta minyororo ya dharura na treni haikusimama upesi. Huko nako jiko la gesi ndilo lililotajwa kwanza, kisha uchunguzi ukaja kunyooshea kidole hitilafu ya umeme. Kwangu mimi chanzo ni nusu ya habari. Moto utaanza siku moja, kwa gesi au kwa waya; cha kuuliza ni treni inachukua muda gani kusimama na watu kutoka.

Kutoka kwenyewe ndiko kulikowashinda wale wa Misri. Madirisha ya daraja la tatu yalikuwa na nondo. Huku Moshi na Arusha hilo halihitaji maelezo marefu: nondo tunazoweka kumzuia mwizi ndizo zinazotufungia ndani nyumba ikiwaka. Na usidhani ni lazima miali imfikie mtu ndipo afe. Taunton, Uingereza, Julai 1978, mifuko ya mashuka iliegemezwa kwenye hita ya behewa la kulala. Wakafa watu 12, wengi kwa hewa ya sumu, na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Umeme peke yake hauokoi mtu. Daegu, Korea Kusini, Februari 2003, mtu aliwasha moto kwa makusudi ndani ya treni ya umeme ya chini ya ardhi. Treni ya pili ikaingia stesheni ile ile, dereva wake akaondoka na ufunguo wa kuendeshea treni, milango ikabaki imefungwa. Walikufa 192, wengi wao katika treni ya pili. Viti na sakafu viliwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito, na baada ya hapo Korea ikabadilisha vifaa vya ndani ya mabehewa yake. Kwa hiyo ukipanda SGR au hii ya dizeli iliyorudi Moshi 2019 na Arusha 2020, vitu vya kuangalia ni vile vile: viti vimetengenezwa kwa nini, na mlango unafunguka kwa mkono au la.

Kuhusu mtungi wenu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, chini ya viti na mabegi, hadi ikutane na cheche. Jikoni kwenu mna mlango wazi na meza isiyotikisika; treni ikipinda kona sufuria inateleza na mpira unachomoka kwenye regulata, huku watu wamelala. Uji upikeni asubuhi, muutie kwenye chupa ya chai nzuri iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Kwa safari ndefu bebeni na chupa ya pili ya maji moto na unga wa mtoto usiohitaji kupikwa, maana uji uliokaa kutwa haumfai.

Mkishakaa, tafuta mpini wa dharura uko wapi, na jaribu kitasa cha dirisha. Hesabu kwa mkono viti kutoka kwako hadi mlangoni, maana kwenye moshi hutaona kitu. Moto ukizuka, vuta mpini, inama, na ukiweza kuchagua nenda upande wa kichwa cha treni, ufunge mlango nyuma yako. Mabegi yaache. Mkishuka, angalieni njia ya pili kama ipo, na kwenye SGR msisogelee waya uliokatika. Ukikuta mpini umeng'olewa au dirisha limegongomelewa, mwite mhudumu kabla treni haijaondoka, na kama hakuna la maana analokujibu, hameni behewa.