Usiseivu wimbo wa zamani kwenye toleo jipya la programu ya kurekodia muziki kabla hujaupa jina lingine

Mkuu, acha kuseivu. Sasa hivi. Umesema umeapdeti programu, lupu za ngoma (vile vipande vinavyojirudia) kwenye nyimbo zako za zamani zinakimbia, unauliza kama ununue kadi mpya ya sauti, na wakati unasubiri majibu umeanza kukata na kusogeza kwa mkono. Hapo kwenye kukata na kusogeza ndipo nilipoharibikiwa mimi. Iliniondokea albamu nzima ya kwaya.

Toleo nililozoea lilikuwa linapiga faili kama lilivyorekodiwa, wimbo uwe kwenye tempo ya biti 90 au 120 kwa dakika. Jipya likaja na kufuata tempo kumewashwa tangu kiwandani: programu inakisia tempo ya kila faili, kisha inalivuta au kulibana liendane na wimbo. Kwa lupu fupi iliyokatwa sawasawa, raha. Kwa mtu aliyeimba mfululizo bila ngoma nyuma yake, programu haina pa kushika biti, inabahatisha.

Wimbo wa kwanza ulikuwa 90, sauti ya kiongozi dakika 3 na sekunde 40. Programu ikakisia 90.5, ikaivuta irudi 90. Nusu tu! Lakini sekunde 220 zikawa 221 na ushee. Ubeti wa kwanza husikii kitu, ndiyo maana nilisikiliza mwanzo, nikaridhika, nikaseivu juu ya ule wa zamani. Kufika kiitikio cha mwisho kiongozi yuko nyuma kwa zaidi ya sekunde moja, na kwa tempo hiyo biti moja ni theluthi mbili za sekunde. Amechelewa karibu biti mbili, waitikiaji wanamsubiri.

Nikashika mkasi kama wewe. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, nakata neno kwa neno, nyimbo 11, na kila nikimaliza mmoja naseivu. Siku ya nne nikakiona kile kitufe cha kufuata tempo. Nikakizima. Faili zikarudi kwenye urefu wake, na kila kipande nilichokisogeza kikawa hakipo mahali pake. Kurudi toleo la zamani? Halifungui mradi uliohifadhiwa na jipya. Na asije mtu kuniambia faili mbichi zilikuwepo. Najua zilikuwepo! Sauti za waitikiaji niliziunga kutoka rekodi nne nne, na mahali pa kuungia palikuwa ndani ya mradi uleule niliouharibu. Waimbaji wameshatawanyika, hela yao imeshalipa kodi ya studio. Nilikopa nikawarudishia. Mwalimu wa kwaya nikikutana naye bado ananisalimia kwa heshima zote, na inaniuma kuliko angenitukana.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja wa video. Alisema fungua nyimbo zako zote kwenye toleo jipya, seivu, mambo yatajipanga yenyewe. Sasa naona hapo juu mtu amekuandikia maneno yaleyale, tena kwa kujiamini. Ndugu yangu, kama hujawahi kurudisha pesa ya watu, usimshauri mwenzio hivyo!

Fungua wimbo, na kabla hujabonyeza hata pleya, uhifadhi kwa jina jipya. Kila wimbo. Ule wa zamani usiuguse tena. Halafu zima kufuata tempo kwenye mipangilio, kisha kagua faili moja moja, maana yaliyokwisha kuvutwa huenda yakabaki yamevutwa. Kwenye programu ya Ableton Live ni kitufe cha Warp cha kila klipu, yaani kila kipande cha sauti.

Kwa lupu zako zinazokimbia, pima urefu. Baa 4 za biti nne nne kwenye 90 ni sekunde 10.67, na kwa rekodi ya sampuli 44,100 kila sekunde ni sampuli 470,400 kamili. Nahisi ulizitoa kuwa faili mwenyewe na mkia wa rivabu, ule mwangwi wa mwishoni, ukaachwa ndani. Faili likiwa la sekunde 11.5, programu inadhani hizo zote ni baa 4, inakisia kama 83, halafu inalibana lifike 90. Ngoma lazima ikimbie, kadi ya sauti haina kosa. Programu ya FL Studio wakati wa kutoa faili inakuuliza mkia uukate, uuache au uuzungushe urudi mwanzoni. Kwa lupu chagua kuzungusha. Za kununua mara nyingi hazisumbui, kwa sababu nyingi zimebeba tempo ndani ya faili la sauti la WAV lenyewe, mtindo tulioujua tangu programu ya lupu ya ACID ya Sonic Foundry ya 1998.

Lakini usipime chochote kabla ya jina jipya. Ukishalibadilisha, andika hapa urefu wa lupu moja na tempo ya wimbo. Nipo macho mpaka saa sita usiku.