Brazil kwa begi la mgongoni: majibu kwa vijana wenye bajeti ndogo

Maswali ya safari hii yote ni ya Brazil, na mengi yanazunguka jambo moja: fedha inaishia wapi? Wengi wenu mnaogopa bei za hosteli. Mimi ningeogopa ramani. Kitanda katika chumba cha pamoja kinapatikana karibu kila mji wenye wageni. Kinachomaliza pochi ni kurukaruka kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine.

Shikamoo dada. Nina mwezi mmoja. Nataka Rio, maporomoko ya Iguaçu, Salvador, Amazon na Lençóis Maranhenses. Nipangeje?

Marahaba mdogo wangu. Futa zaidi ya nusu ya hiyo orodha. Nchi ina kilomita za mraba milioni 8.5, na miji inayoonekana majirani kwenye simu yako si majirani hata kidogo. São Paulo hadi Rio ndiyo safari fupi: saa sita za basi. Rio hadi Salvador ni zaidi ya saa 24, na hapo bado hujaikaribia Amazon.

Chagua kona moja. Ukipenda miji ya kale na milima, kaa kusini-mashariki: Rio, Paraty, kisha Ouro Preto, mji uliojengwa kwa dhahabu ya karne ya 18. Ukipenda bahari, anzia Salvador, panda taratibu kupitia Recife na Olinda hadi São Luís, ambako ndiko mlango wa Lençóis. Yale mabwawa ya maji ya mvua kati ya vilima vya mchanga hupendeza Juni hadi Septemba. Ukichelewa sana utakuta mengi yamekauka, na picha ulizoziona zitakuwa za watu wengine.

Ukilazimika kuvuka nchi, usidhani basi ndilo nafuu siku zote. Tiketi ya ndege iliyokatwa mapema inaweza kulingana na basi la siku mbili, hasa ukijumlisha chakula cha njiani. Ila soma masharti ya mzigo. Begi la mkononi la hadi kilo 10 ni haki yako. La chini, lile linaloingia tumboni mwa ndege, hulipiwa kwenye tiketi nyingi za bei nafuu.

Mabasi ya usiku vipi?

Mazuri, na usiku mmoja barabarani ni usiku mmoja usiolipia kitanda. Madaraja ni haya: convencional ni kiti cha kawaida, executivo kina nafasi zaidi, semi-leito kinalala nusu, leito kinakaribia kitanda. Kwa safari ya saa kumi, semi-leito inatosha. Leito waachie wenye mishahara. Beba sweta na soksi ndani ya basi, usiziache kwenye buti, kwa sababu kiyoyozi chao hakina huruma.

Treni za abiria za masafa marefu karibu hazipo. Moja inayofaa kupangiwa ratiba ni ile ya kila siku kati ya Belo Horizonte na Cariacica, jirani na Vitória: kilomita 664, mchana mzima, ikifuata bonde la mto Doce sehemu kubwa ya njia.

Nimesikia mtu anaweza kupanda meli Belém hadi Manaus akalala kwenye kitanda cha kuning'iniza. Ni kweli au ni stori za mitandaoni?

Ni kweli, na kwangu hiyo ndiyo safari yenye thamani kuliko zote kwa msafiri wa bajeti, maana nauli inakupa usafiri na mahali pa kulala kwa pamoja. Barabara za kufika Manaus ni chache, na BR-319 inayotoka Porto Velho huwa matope matupu sehemu za katikati wakati wa mvua. Kwa hiyo meli hizi si utalii. Ni usafiri wa watu, pamoja na vitunguu vyao, pikipiki na majokofu.

Kitanda chenyewe, wanakiita rede, ni kipande kirefu cha kitambaa chenye vitanzi pande mbili. Nunua sokoni Belém au Manaus kabla ya kupanda, na ununue na kamba zake. Wasiojua hukumbuka kamba meli ikiwa imeshaondoka. Fika saa kadhaa mapema uchague pa kufunga. Kaa mbali na injini, mbali na vyoo, na usiwe chini ya taa, kwani nyingine huwaka mpaka alfajiri. Abiria wakishajaa, vitanda hubanana na hata kupishana, kimoja juu kimoja chini. Jirani akigeuka, na wewe unayumba. Pasi na simu lala navyo ndani ya kitambaa, begi lifunge kwa kufuli kwenye nguzo.

Kushuka na mkondo, Manaus hadi Belém, ni siku nne hivi. Kupanda ni tano au zaidi. Wengi hukimbilia kushuka kwa sababu ni haraka. Ningekushauri upande. Meli inayopanda hukwepa nguvu ya maji kwa kutembea karibu na ukingo, kwa hiyo unaona nyumba za miguu mirefu, watoto kwenye mitumbwi na miti yenyewe. Inayoshuka hukaa katikati, na katikati ya Amazon ni maji tu. Chui usimtarajie. Pomboo labda.

Kata safari Santarém ukapumzike Alter do Chão, kijiji cha mto Tapajós chenye fukwe za mchanga mweupe. Nenda mto ukiwa umepungua, kuanzia Agosti hivi. Maji yakijaa, ufukwe unakuwa chini yake.

Nitakula nini bila kufilisika?

Kula mchana. Agiza prato feito: wali, maharage, kipande cha nyama au samaki, kachumbari kidogo na unga wa muhogo uliokaangwa. Mlo mmoja huo unakufikisha jioni. Kuna pia migahawa ya kupima kwa kilo: unajipakulia, sahani inawekwa kwenye mizani, unalipa uzito. Kilo ni kilo, iwe ya tikiti maji au ya nyama ya kuchoma, kwa hiyo pakua kwa akili.

Ukiwa Belém, kula açaí kama wenyeji: bila sukari, na samaki wa kukaanga na unga wa muhogo pembeni.

Carnival, ile sherehe yao kubwa ya ngoma mitaani, je?

Kama bajeti ni ndogo kweli, iache. Hosteli huuza vifurushi vya siku kadhaa kwa lazima, na bei ya kitanda hupanda vibaya. Desemba, Januari na Julai nayo ni likizo zao. Mei, Agosti na Septemba ni miezi ya sisi wenye bajeti ndogo.

Kadi au fedha taslimu?

Kadi. Hata muuza madafu ufukweni huwa na kimashine. Wenyeji wenyewe hulipana kwa Pix, mfumo wa benki kuu yao uliozinduliwa Novemba 2020, ila kwa kawaida unahitaji akaunti ya huko. Kikwazo kingine ni CPF, namba ya mlipakodi, ambayo tovuti nyingi za tiketi huidai. Mgeni anaruhusiwa kuiomba kabla ya safari. Usipokuwa nayo, kata tiketi dirishani kituo cha basi kwa pasi yako.

Naweza kufanya kazi hosteli nilale bure?

Vijana wengi hufanya. Lakini sheria ya uhamiaji ya 2017 inamkataza mwenye viza ya matembezi kufanya kazi ya malipo, na afisa anaweza kukuuliza kama kitanda si malipo. Usijenge bajeti juu ya hilo.

Vya bure vipo?

Fukwe. Sheria ya 1988 inazifanya mali ya umma, hakuna wa kukutoza kiingilio. Viti na miavuli ndivyo vya kulipia, basi uliza bei kabla hujakaa, si baada. São Paulo, makumbusho ya MASP ni bure Jumanne.

Nikiugua? Mama ameshaanza kulia.

Mwambie mama kwamba hospitali za umma, mfumo wa SUS, humtibu mgeni wa dharura bila malipo. Foleni utaikuta, na bima bado chukua. Gari la wagonjwa ni 192, polisi 190. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Brazil ni nchi yenye ugonjwa huo, na ukirudi Kenya au Tanzania utaulizwa cheti uwanjani. Kwa hiyo cheti kikae pamoja na pasi, si ndani ya begi la chini.