Jina lililobaki kwenye daftari la mahudhurio

Mwalimu mwenzangu uliyeingia kazini mwaka huu,

Chuoni watakuwa wamekufundisha kuandaa somo, kutuliza darasa lenye kelele na kutunga mtihani. Na mimi nilifundishwa hayo. Sikufundishwa kuita mahudhurio asubuhi ambayo jina moja halina tena wa kuliitikia. Nimefundisha miaka 19, na katika muhula mmoja wa miaka hiyo shule yetu ilifiwa mara mbili. Alitangulia mwalimu wa hesabu, aliyependwa na wanafunzi kuliko sisi wote. Wiki 6 baadaye akafuata mwanafunzi wa darasa langu, aliyekuwa akiugua. Ninayokuandikia nimeyapata humo, mengi kwa kukosea kwanza.

Nianze na maneno. Sisi watu wazima tunakisemea kifo kwa staha. Hatusemi mtu amekufa, tunasema amefariki, ameaga dunia, ametutoka, ametangulia, amelala. Ni heshima, na mbele ya wafiwa ndivyo ipasavyo. Ila mtoto mdogo huyachukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia mwalimu wake amelala, atauliza ataamka lini, na usiku anaweza kuogopa kufumba macho. Ukimwambia amesafiri, atamngoja, na moyoni atajiuliza kwa nini hakuniaga. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwaambia watoto wa darasa la kwanza kwamba Mungu amempenda Mwalimu zaidi. Mtoto mmoja akauliza, "Na mimi je, hanipendi?" Watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hausikii baridi wala njaa tena, na kwamba jambo hili humfika kila kiumbe. Walio chini ya hapo watakuuliza swali lilelile leo, kesho na keshokutwa. Wajibu kila mara kwa maneno yaleyale, bila kuchoka.

Kwa hiyo sema: "Mwalimu amefariki. Yaani amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi shuleni." Kisha nyamaza. Kimya kitakachofuata utakiona kirefu sana, na utatamani kukijaza kwa mawaidha. Kiache. Maswali yao yatatoka humo.

Jambo la pili ni nani anaambiwa, wapi, na nani. Mwanafunzi wetu alipofariki, habari ilitangazwa mstarini asubuhi, shule nzima imesimama. Aliyekuwa akikaa dawati la jirani yake tangu mwaka wa kwanza aliisikia pale, katikati ya mamia ya wenzake, mkoba bado mgongoni. Hakulia. Aligeuka kunitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nimesimama mbali upande wa walimu. Yale macho sijayasahau. Tangu hapo nikisikia msiba namwomba mkuu wa shule nusu saa kabla ya kengele. Walio karibu zaidi na marehemu tunawaita kwanza, wachache, kwenye chumba chenye viti. Kisha kila mwalimu wa darasa anawaambia wanafunzi wake ndani ya darasa lao. Habari iandikwe kwa sentensi chache ambazo familia imeziridhia, ili darasa moja lisisikie hiki na jingine kile, maana wakikutana mapumzikoni wataanza kulinganisha, na uvumi huzaliwa hapo.

Sasa nije kwenye dawati, maana hapa ndipo nilipoumiza watoto kwa mikono yangu mwenyewe.

Jioni ile nilibaki peke yangu darasani. Nikafikiri, kesho wakiliona lile dawati wazi wataumia. Nikalitoa, nikayasogeza mengine yakaziba nafasi. Nilidhani nimewatendea wema. Asubuhi walipoingia hakuna aliyeketi. Yule mwenzake alikwenda akasimama palepale lilipokuwa dawati, kwenye sakafu tupu, akauliza kwa sauti ndogo, "Amefutwa?" Sikuwa na jibu. Tulikwenda wote kulirudisha, watoto wanne wakilibeba, na likakaa pale hadi mwisho wa muhula. Wengine waliweka karatasi juu yake, wengine walilipita wakiligusa tu. Siku ya kulihamisha walichagua wao, kwa kupiga kura, na waliliondoa wao. Hilo ningekuomba ulishike kuliko yote niliyoandika hapa: vitu vidogo vya marehemu usiviondoe peke yako, wala gizani. Watoto wanasahau hotuba zetu za maombolezo kabla ya saa sita mchana. Tulichofanya na dawati, daftari na jina, hicho wanakitazama.

Jina nalo nililikosea siku ya kwanza. Nilipofika kwenye herufi yake nililiruka. Darasa zima lilisikia kule kuruka. Kesho yake niliwaambia kabla ya kufungua daftari: leo nitalisoma jina lake kwa mara ya mwisho, kuanzia kesho sitalisoma, na ni kwa sababu amefariki, si kwa sababu tumemsahau. Nilipolisoma palikuwa kimya. Kisha mmoja wa nyuma akajibu kama walivyozoea kumjibia mwenzao asiyefika: "Hayupo, Mwalimu." Nikaandika. Tukaendelea na jina linalofuata.

Wakati huohuo pita ofisini uulize jina lake limebaki kwenye orodha zipi nyingine. Ujumbe wa simu unaokwenda kwa wazazi wa watoro, madai ya ada, ripoti za mwisho wa muhula, orodha ya watahiniwa. Hili halina hekima yoyote ndani yake, ni kazi ya karani ya dakika 20, lakini mzazi aliyemzika mwanawe akipokea ujumbe kwamba hakufika shuleni leo, hakuna pole utakayompa ikafuta hilo.

Huenda ulisoma chuoni juu ya hatua 5 za huzuni: kukataa, hasira, kujadiliana, kukata tamaa, kukubali. Zilitolewa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Hakuwa akieleza darasa lililofiwa. Usiingie darasani ukihesabu nani yuko hatua ya ngapi. Kilichonisaidia mimi zaidi ni kazi ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoitoa mwaka 1999: kwamba mfiwa huenda na kurudi, sasa anaukabili msiba wake, baadaye kidogo anayakimbilia maisha yake ya kawaida, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Kwa mtoto mwendo huo ni wa haraka mno. Analia saa nne, saa nne na nusu anafukuzia mpira huku akicheka. Walimu wapya humwona wakasema hajali, au wakamgombeza kwa kukosa adabu. Mwache acheze. Anapumzika.

Kuna deni jingine shule nyingi hujitwisha bila kujua. Mwalimu wetu alipofariki tulifanya makubwa: siku nzima bila masomo, picha kubwa mlangoni, kumbukumbu iliyoandikwa ukutani. Alistahili. Ila mwanafunzi alipofariki tulikuwa tumechoka, mitihani imekaribia, naye alipata dakika moja ya kusimama kimya. Wazazi wake walipokuja kuchukua madaftari walipita mbele ya ile picha ya mlangoni. Mama akaitazama kwa muda mrefu, hakusema neno. Kikao cha walimu kilichofuata tuliandika utaratibu mmoja kwa kila atakayefariki akiwa wetu, awe mkuu wa shule au mtoto aliyejiunga jana. Kama shule yako haina utaratibu huo, uliza sasa, wakati hakuna msiba.

Na ikiwa mwanafunzi amejiua, usibuni chochote peke yako, tafuta haraka mtaalamu wa ushauri nasaha. Tangu mwaka 1974, David Phillips alipochunguza habari za magazeti nchini Marekani, inajulikana kwamba kukitangaza sana kifo cha namna hiyo kunaweza kuwavuta wengine. Msielezee njia aliyotumia, msimpambe kama shujaa, na kila mwanafunzi ajue mtu mzima wa kumwendea siku hiyohiyo.

Kuhusu machozi yako: lia, hata mbele yao. Wanahitaji kuona mtu mzima akilia kisha akifuta uso na kuendelea. Ukiona huwezi kuendelea, mwombe mwenzako akushikie kipindi, hakuna aibu.

Weka pia alama kwenye kalenda, kwa sababu umati huondoka mapema. Baada ya wiki ya pili hakuna anayeuliza. Wataalamu wa afya ya akili husubiri angalau miezi 6 kabla ya kusema kwamba huzuni ya mtoto imekuwa ugonjwa, kwa hiyo usishtuke mtoto akiwa bado mzito mwezi wa tatu. Shtuka ikiwa muda umepita na bado halali usiku, hali chakula, hachezi, au anasema anataka kumfuata marehemu. Hilo la mwisho halingoji miezi wala siku.

Nimeliacha mwisho lile linalokuhusu wewe zaidi, kwa sababu wengi wenu mnaajiriwa kujaza nafasi ya aliyefariki. Mwalimu wetu aliacha mezani rundo la madaftari 41. Alikuwa amesahihisha 17, na kalamu yake nyekundu ilikuwa ndani ya la 18, kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma. Watoto 24 waliuliza kama na yao yangesahihishwa. Tuliyarudisha yote kama alivyoyaacha, na tukawaruhusu kwenda nayo nyumbani.

Aliyekuja baada yake alikuwa kijana, mpole, anayeijua hesabu barabara. Wiki mbili nzima walimtesa kwa sentensi moja: "Mwalimu hakuwa akifanya hivyo." Alikuja kwangu ofisini akitaka kuomba uhamisho. Nilimwambia hawakukatai wewe, wanaogopa kwamba wakikupenda watakuwa wamemwacha. Kesho yake alifika darasani na somo la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Aliandika swali ubaoni, akaiweka chaki mezani, akawaambia, "Nionyesheni alivyokuwa akifanya." Mimi nilikuwa nimesimama dirishani.

Walitazamana. Kisha msichana mmoja akainuka, akachukua chaki, akatafuta asili moja polepole huku akisema kila hatua kwa sauti ya marehemu, hata ule mguno wake mdogo kabla ya kuandika jibu. Akaliandika. Akalipigia mstari chini, kisha wa pili, kama alivyokuwa akiyapigia majibu yake miaka yote. Yule kijana akafungua daftari lake mwenyewe, akaliandika swali, akalipata jibu, na akapiga mistari miwili.